Mwalimu Kontroli na Mashine ya Bi Katibu

Mtaani walimwita Mwalimu Kontroli, na yeye hakuwahi kulichukia jina hilo, maana lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Mwanafunzi mpya akiingia, hata kabla hajaonyeshwa kiti, aliambiwa, "Kwanza kabisa, shika Kontroli." Kunakili ni Kontroli na C. Kubandika ni Kontroli na V. Kujuta ni Kontroli na Z. Watoto wa jirani walishaushika wimbo huo na kuuimba wakiruka kamba, na mwalimu kila alipowasikia alijiona mtu aliyekwisha kuacha alama duniani, hata akifa leo.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Kompyuta za mezani zilipangwa ukutani, zimefunikwa mashuka makuukuu kukinga vumbi, na katikati palikuwa na feni iliyogeuza shingo kwa kulalamika. Zamani wanafunzi walisubiri zamu zao kwenye benchi la nje. Siku hizi kila mtu alikuwa na simu mfukoni na kujihesabu kuwa ameshahitimu. Benchi lilikuwa limechukuliwa na mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka nywele, na wateja wake walikuwa wengi kuliko kivuli cha baraza. Mvua ikinyesha walijibanza ukutani, mmoja ameshika nailoni juu ya vichwa vya wenzake, na kusukana kukaendelea.

"Mwalimu," mkewe alikuwa amemwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "chumba kile kimelala bure na sisi tunaloa nje. Mwezi huu ukiisha kikiwa vivi hivi, naingiza viti vyangu."

"Kile ni chuo, mke wangu."

"Chuo hakina wanafunzi."

"Chuo huwa na likizo."

Mkewe hakubishana. Alichukua kitana chake akarudi barazani, na mwalimu akabaki akipangusa vumbi kwenye vitufe ambavyo hakuna aliyekuwa amevigusa tangu alipovipangusa jana yake.

Ndipo Bi Katibu alipokuja.

Alikuja kwa gari, jambo lililowafanya wateja wa barazani wageuze shingo wote kwa pamoja na nywele zao nusu nusu. Alikuwa amechaguliwa karibuni kuwa katibu wa muungano wa vyama vya akiba. Katibu aliyemtangulia aliandika kwa mkono kwa mwandiko ambao hata yeye mwenyewe alihitaji msaada kuusoma. Bi Katibu aliomba kura kwa ahadi moja tu: chini yake, kumbukumbu za vikao zitaonekana ukutani kwa projekta, neno kwa neno, kila mjumbe asome kwa macho yake. Wajumbe walipenda. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuandika kwa kompyuta, kwa kuwa angeulizwaje mtu anayezungumza juu ya projekta kwa ufasaha namna ile?

Aliifungua mashine yake mezani. Ilikuwa nyembamba kama sinia, rangi ya fedha, na ilikuwa imezungushiwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Mimi kompyuta naijua," alitangulia kusema. "Nataka kunoa tu."

"Kisu ni kunolewa," mwalimu akaitikia.

"Ila hii si kama hizi zako. Ni ya aina nyingine kabisa, ndani mpaka nje. Mwanangu kaileta kutoka ng'ambo. Kasema watu wa kawaida hawaiwezi."

Hapo ndipo ukweli ulipokuwa na nafasi ya kupita, na njia ilikuwa nyeupe. Mwalimu Kontroli alikuwa hajawahi kuigusa mashine ya aina ile maishani mwake. Angeweza kusema hivyo. Badala yake alikunja mikono ya shati.

"Mashine ni mashine, Bi Katibu. Lugha yao ni moja."

"Nilijua nimefika mahali," alisema Bi Katibu, akaketi. "Ukininoa vizuri, nitawaleta makatibu wa vyama vyote waje wasome hapahapa. Chama kwa chama."

Mwalimu alitupa jicho barazani kuona kama kuna aliyesikia. Mkono wa mkewe ulikuwa umesimama kwenye nywele za mteja.

Somo likaanza. Bi Katibu aliandika kwa kidole kimoja, akikiinua juu na kukishusha kama kuku anayedonoa: *Mimi ni Katibu.*

"Vizuri sana. Sasa yachague maandishi yote. Shika Kontroli, bonyeza A."

Bi Katibu alibonyeza. Kile kistari kinachopepesa kilikimbia mpaka mwanzo wa mstari kikatulia hapo. Maandishi hayakubadilika rangi.

"Imechagua?"

"Imechagua kwa ndani," mwalimu akasema. "Nakili. Kontroli na C."

Hapakutokea kitu. Kontroli na F, ya kutafuta neno, ilikisogeza kile kistari hatua moja mbele, basi. Kontroli na D iliimeza herufi. Mwalimu aliikodolea macho. Mashine kuharibika alikuwa amezoea. Ikiharibika hunyamaza, au hulia. Hii ilisikia kila alichoiambia, ikaitikia vizuri, kisha ikafanya lake.

"Mbona haifuati?" Bi Katibu akauliza.

"Inafuata. Mashine za ng'ambo zinakuja na baridi yake. Lazima izoee joto la hapa."

"Ndiyo maana," alisema Bi Katibu haraka. "Maana nyumbani huwa inafuata."

Hilo nalo halikuwa kweli. Nyumbani huwa anaifungua, anatazama picha za mwanawe, anaifunga. Basi wakakaa pale, mwalimu asiyejua na mwanafunzi anayejua, wakiitazama mashine kwa heshima.

"Nisubiri kidogo," mwalimu akasema. "Naona kitu huko nyuma."

Huko nyuma palikuwa na pipa la maji na kamba ya nguo. Alichutama nyuma ya pipa, mahali pekee uani ambapo mtandao ulikamata vizuri, akatoa simu, akaandika alichotaka kujua. Ukurasa ulifunguka polepole. Vitufe vya mashine za huku vilikuwa upande mmoja, vitufe vya mashine za kule upande wa pili, safu kwa safu, kama maneno ya kamusi. Mstari wa kwanza kabisa ulimwambia alichohitaji: kule, kazi ya Kontroli hufanywa na kitufe kingine kiitwacho Komandi, kilicho kando ya kile kirefu cha nafasi, chenye alama kama ua la majani manne lililochorwa kwa uzi mmoja.

"Unatafuta nini huko?" Ilikuwa sauti ya mkewe, amekuja kuchota maji.

"Mtandao."

"Mwanafunzi yuko ndani, mwalimu yuko nyuma ya pipa."

"Natafiti," akasema, akainuka, magoti yakalia. Ukurasa ulikuwa bado mrefu, unaendelea chini na chini zaidi, lakini mgeni alikuwa anasubiri, na mtu aliyeonyeshwa mlango hana haja ya kuhesabu madirisha. Akaufunga.

Alirudi darasani kwa mwendo mwingine kabisa. "Tulikuwa tunaipima kwanza kwa Kontroli, tuone tabia yake. Sasa tufanye kazi. Unaliona hilo ua? Shika hilo, bonyeza A."

Maandishi yote yakageuka rangi. Bi Katibu aliguna kwa raha. Wakanakili, wakabandika, *Mimi ni Katibu* ikajaa ukurasa mzima, na Bi Katibu akaisoma yote, mstari kwa mstari, kana kwamba kila mmoja ulikuwa na habari mpya.

"Kanuni ni hii," mwalimu akatangaza kwa sauti iliyokusudiwa kufika barazani. "Kila penye Kontroli, weka Ua. Basi."

"Hiyo ndiyo tofauti yote?" mkewe akauliza kutoka nje.

"Yote."

*

Siku zilizofuata zilikuwa za neema. Mwalimu alipanda kwenye kiti akaongeza maneno kwenye kibao cha nje: MASHINE ZA AINA ZOTE.

"Aina zote?" mkewe akasoma, mkono kiunoni.

"Zikishakuwa mbili, ni nyingi. Hata ngeli zinasema hivyo."

Kazi haikuwa rahisi, hata kwa kanuni. Kidole kidogo cha mwalimu kilikuwa kimeoa Kontroli miaka mingi, na kila alipokuwa akionyesha jambo kilikwenda chenyewe pembeni kule chini, nyumbani kwake, na ikabidi akirudishe kwa aibu kama mtu anayemtoa mgeni kwenye chumba kisichokuwa chake. Bi Katibu naye alikuwa na kucha ndefu, na Ua lilitaka kidole gumba kikunjwe kwa ndani. Alibonyeza na kitufe cha nafasi pia. Maneno yake yakaachana kama watu waliogombana. Lakini aliendelea, na jioni alipokuwa akiondoka aliwaambia wateja wa barazani, bila kuulizwa, kwamba anamsaidia mwalimu kuizoea mashine mpya.

Mkewe alimsubiri mpaka gari lilipopotea.

"Kwa nini usimwambie tu kwamba na wewe unajifunza?"

"Mwalimu anayejifunza ni mwanafunzi mwenye nyumba yake," mwalimu akasema. "Nani amlipe ada?"

"Kuuliza si ujinga."

"Kwa anayeuliza, sawa. Mimi ndiye ninayeulizwa."

Mkewe alimtazama kidogo, akakung'uta nywele zilizobaki kwenye kanga yake. Alimpenda. Alikuwa pia amekwisha kupima chumba kile kwa hatua zake na kujua viti vinne vitaingia.

*

Siku ya kikao mkewe alimpigia pasi koti. Bi Katibu alikuwa ameomba aje akae karibu naye, "kwa lolote," na mlangoni pa ukumbi akavishwa beji iliyoandikwa MSHAURI WA KIUFUNDI. Aliisoma kichwa chini miguu juu, kifuani pake, akapenda ilivyosomeka.

Ukumbi ulijaa. Mbele aliketi Mzee Mwenyekiti, mtu wa umri mkubwa ambaye alifumba macho wakati wa hotuba na kuyafumbua wakati wa chai. Kulia kwake Bi Katibu na mashine yake. Kushoto alikuwa Mweka Hazina, aliyekuwa amempigia debe mgombea mwingine kwenye nafasi ya ukatibu na hajasahau. Nyuma yao, ukutani, mwanga wa projekta ulimwaga kumbukumbu za kikao, herufi kubwa nyeusi, safi, na wajumbe wakanong'ona kwa kuridhika. Bi Katibu alizisoma kwa sauti. Kila alipotaka kushuka mstari aliinua mkono juu kwanza, watu wauone, ndipo akabonyeza.

Alikuwa hajafika mbali Mweka Hazina aliposimama.

"Mzee Mwenyekiti, naomba kutoa hoja ya utaratibu. Naona hapo ukutani ametajwa mtu anaitwa Kaimu Mweka Hazina. Huyo mtu mimi simfahamu."

Wajumbe wakacheka.

"Mimi nilithibitishwa kikao kilichopita, mbele yenu nyote, mkapiga makofi. Huyu kaimu kaja kutoka wapi?"

Alikuja kutoka kwenye kumbukumbu za zamani. Mwalimu aliliona mara moja. Bi Katibu, kwa furaha ya kujua kunakili na kubandika, alikuwa amehamisha sentensi nzima nzima kutoka kikao cha nyuma, na Kaimu akahama nazo, kwenye kila aya, kama kunguni kwenye godoro.

"Tutarekebisha baadaye," akasema Bi Katibu.

"Baadaye ndiyo iliyonifanya kaimu miaka yote hiyo," Mweka Hazina akajibu. "Nasikia kompyuta inaweza kuliondoa neno kila lilipo, kwa mara moja. Au hiyo ya Bi Katibu haiwezi?"

"Inaweza," Bi Katibu akasema, akamwinamia mwalimu. "Kuliondoa neno kila lilipo."

Hili mwalimu alilijua akiwa usingizini. Kutafuta neno na kulibadilisha ni Kontroli na H. Na kanuni ni kanuni.

"Ua," akanong'ona.

Mjumbe mmoja mstari wa mbele akageuka kwa mshtuko.

"Ua na H, Bi Katibu. Ua na H."

Bi Katibu aliinua mkono juu, pete zikameta kwenye mwanga wa projekta, akaushusha.

Kumbukumbu za kikao zikapotea. Zote, kufumba na kufumbua. Ukutani, mahali pa ajenda, alisimama kijana mnene mwenye miwani ya jua, kifua wazi, ukingoni mwa bwawa la kuogelea, amenyanyua glasi yenye mrija. Alikuwa amekuzwa mpaka dari. Kitovu chake kilikuwa sawasawa juu ya kichwa cha Mzee Mwenyekiti.

Vichwa vyote vikainuka kuelekea dari.

"Huyu ni nani?" akauliza mzee mmoja kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Ni mwanangu," Bi Katibu akasema, kabla hajafikiri.

"Aingizwe kwenye kumbukumbu kama mjumbe," Mweka Hazina akauliza, "au kama mwalikwa?"

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hawakuwahi kukaa na projekta. Kila mtu aligundua kwamba ana utaalamu. Mmoja alisema ibonyezwe F5, hakusema kwa nini. Mwingine alisema hicho ni kirusi, kilimpata mkwewe, na mkwewe hakupona mpaka akanunua nyingine. Mama mmoja alishauri waya uchomolewe, upulizwe, urudishwe. Mzee Mwenyekiti, aliyekuwa amefumbua macho, aliuliza kama ni wakati wa chai.

Mweka Hazina tayari alikuwa ameinuka na kuja upande wao, kidole mbele.

"Dawa yake ni kuizima. Unashikilia cha kuwashia mpaka ife yenyewe. Nilihudhuria kozi."

Mwalimu alijua jambo moja tu kuhusu hali ile, na lilikuwa baya: tangu asubuhi Bi Katibu alikuwa akiongeza na kupunguza maneno, na hakuwa amehifadhi hata mara moja. Aliweka kiganja chake juu ya kitufe.

"Usiizime."

"Kwa hiyo wewe unajua zimekwenda wapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Bi Katibu alimgeukia kuliko wote, macho yamemtoka, na hapakuwa na unoaji wowote usoni pake tena, ila hofu ya mtu aliyeomba kura kwa projekta. Mwalimu alifungua kinywa. Maneno yake ya siku zote yalikuja, baridi ya ng'ambo, kuzoea joto, yakafika mpaka kwenye meno. Alimwona yule kijana wa bwawani akiwa ameinua glasi kana kwamba naye anasubiri jibu.

"Sijui," akasema.

Hakuna aliyesaidia, basi ikabidi aendelee. "Kwenye mashine zangu, H hutafuta neno na kulibadilisha. Kwenye hii inafanya kitu kingine, na sijui ni kitu gani. Mashine ya aina hii nimeianza juzi juzi tu, siku ileile aliyoianza Bi Katibu. Ninachojua ni kwamba ikizimwa sasa, kazi yake inaweza kupotea. Naomba nafasi nisome."

"Mshauri wa Kiufundi anaomba kwenda kusoma," Mweka Hazina akawatangazia wajumbe, na kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati.

Mwalimu alitoa simu, akavaa miwani, akasoma. Safari hii hapakuwa na pipa la kujificha. Alisimama palepale chini ya mwanga, nusu ya bwawa la kuogelea ikimwangukia kwenye koti, akashuka na ule ukurasa safu kwa safu, midomo ikicheza, kupita yote ambayo siku ile hakuwa na subira nayo. Kumbe wafasiri wa vitufe walikuwa wameonya: hiki kinafanana, hiki hakifanani, hiki usithubutu. Watu walikohoa. Mtu fulani akauliza kama chai inaweza kuja wakati Mshauri anasoma. Chai ikaja.

"Imeficha," mwalimu akasema hatimaye. "Ua na H ni kuficha. Haijafuta kitu. Huyu kijana ni picha iliyotandikwa nyuma ya skrini."

Akainama, akasogeza kishale mpaka kwenye zile picha ndogo zilizojipanga chini ya skrini, akabonyeza mojawapo. Kijana akazama, kumbukumbu zikapanda, kamili, na kila Kaimu mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi. Vinywa vilikuwa na maandazi.

"Na sasa lile neno," Mweka Hazina akasema.

"Kubadilisha neno kwenye hii..." Mwalimu alirudi kwenye simu. "Hapa naona ni vitufe vitatu kwa pamoja. Tujaribu..."

"Usijaribu," Mzee Mwenyekiti akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa macho kabisa. "Asiguse mtu. Kikao kinazipokea kumbukumbu kama zilivyo. Hilo neno tutaliondoa kikao kijacho. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka ukumbi mzima, mmoja ukiwa na andazi. Mweka Hazina alikaa chini, amekaimishwa tena kwa kauli moja.

*

Nje, kando ya gari, Bi Katibu alikuwa ameikumbatia mashine kifuani.

"Uliniambia lugha yao ni moja."

"Nilisema."

"Umeniaibisha mbele ya watu wangu. Mtoto wangu kifua wazi, kila mtu anatazama. Hao makatibu wa vyama siwaleti kwako."

"Naelewa, Bi Katibu."

Angeweza kumkumbusha nani alisema anaijua kompyuta, anataka kunoa tu. Alilitafuna neno hilo, akalimeza. Gari likaondoka. Alitembea kwenda nyumbani, na watu wakimsalimia njiani kwa cheo kipya, "Mshauri, habari," akatambua kwamba beji bado iko kifuani.

Habari ilikuwa imemtangulia, kama kawaida ya habari. Barazani wateja walijifanya wanatazama barabara alipopita. Aliingia ndani, akavua koti, akaanza kufunua mashuka na kuchomoa waya. Mkewe akaja mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nakupisha. Nitazisogeza pembeni, zibaki mbili."

"Mwezi haujaisha."

"Umeisha, mke wangu."

Meza ilikuwa nzito. Mkewe alishika upande wa pili, wakaiinua, wakaenda nayo kwa hatua ndogo ndogo.

"Walikucheka?"

"Walicheka."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sijui."

Mkewe alisimama, meza ikabaki juu juu. "Wewe? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na mbele ya mtoto wa Bi Katibu, uchi nusu."

Mkewe alijizuia mpaka alipoweza, kisha kicheko kikampasuka, na kwa kuwa mtu hawezi kucheka namna ile na kubeba meza, wakaiweka chini katikati ya chumba. Mwalimu alitaka kuudhika. Alimtazama akipangusa machozi kwa kanga, akamkumbuka yule kijana na glasi yake, naye akaketi juu ya meza akacheka mpaka mbavu zikauma.

*

Viti viliingia, kioo kikapigiliwa ukutani, feni ikapata watu wa kuwapepea. Siku si nyingi baadaye, asubuhi, Bi Katibu alikuja kwa miguu. Alipita mlango wa uani, kichwa amekitanda mtandio mpaka kwenye nyusi.

"Nimekuja kusuka," akamwambia msusi, mke wa mwalimu.

Msusi aliuinua mtandio kidogo. "Nywele zako zimesukwa juzi, dada. Bado mpya."

"Fumua."

Aliketi. Kutoka ndani ya mtandio akaitoa ile mashine, akaiweka mapajani, na bila kumtazama mwalimu, aliyekuwa pembeni akijifanya anapangusa kibodi, akasema, "Yeye afundishe, wewe ufumue. Mtu akiuliza, nasuka."

Mwalimu alivuta kigoda akaketi kando ya goti lake. Kichwa cha Bi Katibu kilikuwa mikononi mwa mkewe, kimeinamishwa upande, hata akitaka kujivuna asingepata shingo ya kujivunia.

"Tuanzie wapi?" mwalimu akauliza.

"Mwanzo."

"Mwanzo upi?"

Bi Katibu alingoja mpaka misuko miwili ikafumuliwa. "Kuiwasha najua," akasema. "Na picha."

"Sawa. Mimi nimesoma mpaka hapa," mwalimu akamwonyesha kwenye simu. "Mbele ya hapo sijui, tutajaribu wote. Na kila tukimaliza kitu, tunahifadhi."

Waliendelea hivyo wiki nzima. Alisukwa, akafumuliwa, akasukwa tena, mpaka ngozi ya kichwa ikauma, lakini sasa aliweza kumtoa Kaimu kila alipo. Siri kama ile haikai. Akaja katibu wa chama kimoja na mkoba mzito kuliko mkoba wa mtu anayekuja kusuka, akaja wa pili na mashine ya aina ya tatu ambayo mwalimu hakuwa amewahi kuisikia, naye akasema hivyo papo hapo, wakaanza kuisoma. Kila mmoja alipoingia alisema kwa sauti, ili njia nzima isikie, kwamba amekuja kwa ajili ya nywele. Msusi alipokea ada zote mbili kwa mkono mmoja.

Siku moja mlango ulifunikwa na kivuli kipana. Alikuwa Mweka Hazina, mkoba kwapani, akitazama nyuma kama mtu aliyekosea nyumba. Mwalimu alisimama. Kitana cha msusi kikabaki hewani.

"Nimesikia hapa mnasuka," Mweka Hazina akasema.

"Tunasuka," msusi akajibu. "Unamletea mama?"

"Hapana." Alikohoa. "Ni mimi mwenyewe."

Msusi alimtazama kichwani. Kipara kilianzia kwenye nyusi kikaenda mpaka kisogoni bila kukutana na unywele hata mmoja, kiking'aa chini ya taa. Alikuwa mfanyabiashara, hakucheka. Alivuta kiti, akakipangusa kwa ncha ya kanga.

"Karibu ukae, baba," akasema. "Wewe tutakuanzia vidoleni."